Usiiuze Pampu Kwanza

Chumbageni, Tanga

Ndugu yangu Rajabu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu sana, na hofu yetu ni kwenu mlio Pangani. Ama baada ya salamu, nakuandikia kwa haraka kwa sababu shemeji alipopita hapa juzi alinieleza kuwa pampu yako ya maji ya injini ya petroli haiwaki tangu masika yaishe, kwamba fundi amesema imekufa, na kwamba umeshapata mtu wa kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Nakusihi usiiuze kabla hujaimaliza barua hii.

Iweke pampu mahali palipo sawa, ufungue kifuniko chenye kijiti cha kupimia oili, ukifute, kisha ukichomeke bila kukizungusha ili usome kiwango. Injini nyingi za namna hiyo zina sensa inayokata moto wa plagi, ile cheche inayowasha petroli, oili ikipungua, kwa hiyo mashine iliyokataa kuwaka yawezekana inajikinga isiungue. Injini ya Honda GX160, ambayo nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimeigwa kwake, huchukua takriban lita 0.6 za oili, na haina chujio la oili hata moja. Unga wote wa chuma unaosagika ndani hubaki humo humo, ukizunguka na kuendelea kusaga. Ndiyo maana watengenezaji wanataka oili ya kwanza imwagwe baada ya mwezi 1 au saa 20 za kazi, na baadaye kila miezi 6 au saa 100, kinachotangulia. Wewe kiangazi humwagilia saa nne kwa siku. Saa 100 hizo huzimaliza kabla mwezi haujaisha! Yule kijana wa shambani amezoea kuongeza oili mpya juu ya ile nyeusi, na hilo limeniudhi sana, kwani kuongeza si kubadilisha. Oili imwagwe injini ingali na joto, ili uchafu utoke pamoja nayo.

Ukiikuta oili iko sawa, basi shuku petroli. Petroli iliyolala kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, masika yote huharibika na kuacha utando unaonata kama utomvu wa fenesi, nao huziba jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, hata ukavuta kamba mpaka bega likakuuma. Fungua bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta, umwage yote, umwage na ya kwenye tangi, kisha utie mpya. Fundi aliyeitangaza kuwa imekufa bila kulifungua bakuli hilo hakukutendea haki.

Plagi nayo itoe uiangalie. Ikiwa na masizi makavu meusi, chujio la hewa huenda limeziba, na sponji yake huoshwa kwa maji ya sabuni, ikakauka kabisa, ikapakwa oili safi na kukamuliwa. Nafasi kati ya ncha mbili za plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Jambo jingine linahusu mto wenu. Maji ya bahari yakijaa, chumvi hupanda mtoni, na pampu iliyovuta maji hayo haifai kulazwa hivyo hivyo. Ipitishe maji ya kisima yasiyo na chumvi kabla hujaizima. Wala usiiwashe ikiwa kavu, maana sili yake, inayozuia maji yasivuje, hupozwa na maji yale yale inayoyavuta, na ikiungua utaona maji yakichuruzika kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka. Lakini narudi pale pale: anza na oili.

Sasa nijibu. Oili ilimwagwa lini mara ya mwisho, na ilikuwa ya namba gani ya uzito? Kabla haijazima, ilikuwa ikitoa moshi, na kama ndiyo, wa rangi gani? Ukivuta kamba unasikia mgandamizo, au inakuja nyepesi tu? Petroli unainunua kituoni au kwenye madumu ya barabarani? Na huyo mnunuzi umeshapokea chochote kwake? Kama bado, mwambie asubiri. Shemeji anarudi huko Ijumaa, nami nitampa lita moja ya oili ya 10W-30 pamoja na plagi mpya akuletee.

Wasalaam,
Nduguyo Athumani