Barua kwa Mwalimu wa Iringa: Vitabu vya Miamba

Uyole, Mbeya

Mwalimu, rafiki yangu mpendwa,

Kamwene! Natumaini wewe na watoto hamjambo, na mzee amepata nafuu ya miguu. Sisi huku tu wazima, viazi tumeshapanda, na baridi ni ile unayoijua.

Barua yako imenifurahisha sana. Wanafunzi wenu wa zamani kuchanga fedha kwa ajili ya rafu ya sayansi za dunia ni jambo ambalo nimelitamani kwa miaka mingi. Na kamati imefanya vema kukukabidhi wewe kazi ya kuchagua. Lakini ile orodha ya muuzaji uliyonitumia picha yake imenitia wasiwasi. Ni vitabu vinene, vipya, vya bei kubwa, na karibu vyote vinasema mambo yaleyale kwa picha tofauti. Tafadhali msilipe kwanza.

Kwangu mimi kipimo ni kimoja: kitabu hiki kitamsaidia nini mwanafunzi aliyesimama mbele ya mwamba wa huku kwetu? Ngoja nikueleze kwa nini nasema hivyo.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya fildi huwa nawapeleka kwenye bonde la Songwe, kusini-magharibi mwa jiji. Pale kuna chemchemi za maji ya moto, na kando yake matabaka ya travatini, mwamba wa chokaa uliojengwa na maji hayohayo yakipoteza gesi ya kaboni dayoksaidi na kuacha madini yake. Mbali kidogo kuna Mlima Panda, unaojulikana kwa niobiamu yake, metali ya kuimarishia chuma. Mwanafunzi akichukua kipande cha travatini akakidondoshea asidi hafifu ya haidrokloriki, kinatoa povu. Akichukua kipande kutoka Panda, mara nyingi nacho kinatoa povu. Kitabu alichosoma kidato cha tano kimemwambia kwamba mwamba unaotoa povu kwa asidi ni chokaa, na chokaa ni mwamba wa mashapo, uliotokana na magamba ya viumbe wa baharini. Basi anaandika kwenye daftari: "Zamani hapa palikuwa na bahari." Anaandika kwa uhakika kabisa, kwa mwandiko mzuri, na kitabu kinamuunga mkono.

Kumbe mwamba wa Panda ni kabonatiti. Ulipanda kutoka chini ya dunia ukiwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ila magma yake imejaa kaboneti badala ya silika iliyozoeleka. Povu ni lilelile kwa sababu kalisaiti, madini ya kaboneti yanayotoa povu, ni ileile, lakini asili ya jiwe moja na la pili haina uhusiano. Mwanafunzi aliyefundishwa kupima povu peke yake hawezi kuona tofauti. Anayeijua ni yule aliyefundishwa kuangalia jiwe limekaaje mlimani, limezungukwa na miamba gani, na ndani yake mna madini gani mengine, kwa mfano apataiti na paiklori, ambayo ndiyo yenye niobiamu. Kitabu kimoja kizuri cha miamba ya moto, chenye sura ya kueleweka kuhusu kabonatiti, kinafaa zaidi kwenu kuliko vitabu vitatu vya utangulizi ambavyo mifano yake yote ni ya milima ya Alps.

Na hapo inakuja habari ya umri wa vitabu, maana najua kamati itauliza kama mnunue vya zamani kwa bei nafuu au vipya. Wanajiolojia walibishana kwa muda mrefu kama kaboneti inaweza kuwa magma. Wapo waliosema haiwezekani, kwamba hayo ni mawe ya chokaa yaliyomezwa na volkano. Kisha mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai, kule kaskazini kwetu, ulionekana mwaka 1960 ukimwaga lava ya kaboneti yenye sodiamu nyingi, na mwaka 1962 mwanajiolojia J. B. Dawson akachapisha habari zake. Lava ile hutoka ikiwa na joto la takriban nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, wakati basalti, lava ya kawaida, huhitaji zaidi ya nyuzi 1,000. Baada ya hapo ubishi ulipungua sana. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa kabla ya miaka hiyo kinaweza kumpotosha mwanafunzi aliyesimama Panda, hata kama mwandishi wake alikuwa hodari.

Vivyo hivyo kwa Bonde la Ufa. Nadharia ya mabamba, kwamba gamba la dunia limegawanyika vipande vinavyosogea, ilikamilika miaka ya 1960 kuelekea mwisho. Kitabu cha kabla ya hapo kisomwe kwa kile mwandishi alichokiona kwa macho yake, si kwa maelezo ya chanzo chake. Nakuomba uliandike onyo hilo, pamoja na mwaka wa kuchapwa, ndani ya jalada la kila kitabu cha zamani mtakachonunua, ili mwanafunzi asianze kubishana na mwalimu wake bila kujua kimechapishwa lini.

Lakini usidhani navidharau. Kama mtapata toleo la 1965 la kitabu kikubwa cha mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes, cha misingi ya jiolojia, kichukueni bila kusita. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1944, na sura yake ya mwisho ilizungumzia mabara kusogea na mikondo ya joto chini ya gamba la dunia, wakati wenzake wengi waliona hayo ni ndoto. Nampenda huyu mtu kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria vibaya. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu umri wa dunia. Na ni yeye ambaye mwaka 1951 alilipa jina eneo kubwa la miamba mikongwe linaloshuka upande wa mashariki wa Afrika, na linapita nchini kwetu: Ukanda wa Msumbiji. Wanafunzi wakijua kwamba mwenye kitabu alitembea kwenye ardhi ya jirani zetu, wanakisoma kwa moyo mwingine. Nimeliona hilo mara nyingi.

Sasa nije kwenu Iringa, maana hapa ndipo ninapoumia. Watu wa Iringa mna vitu ambavyo wanafunzi wa nchi tajiri huonyeshwa kwa picha tu. Isimila mna zana za mawe za Kiashuli, za binadamu wa kale sana, na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na kila mtoto wa shule amepelekwa kuziona. Jiwe la Gangilonga mnalipanda Jumapili. Hayo yanajulikana. Lakini ni wangapi shuleni kwenu wanajua kwamba katika kundi la miamba lenye jina la Isimani mna eklojaiti yenye umri wa karibu miaka bilioni 2? Eklojaiti ni jiwe zito lenye ganeti nyekundu na madini ya kijani, na haliumbiki ila kwa kushindiliwa kilomita makumi kwenda chini. Watafiti waliochapisha habari zake mwaka 1995 walisema ni ushahidi kwamba hata wakati ule wa zamani sana, sakafu ya bahari ilikuwa ikizama chini ya bamba jingine. Hizi ni miongoni mwa eklojaiti kongwe zaidi zinazojulikana duniani. Makala yenyewe ni fupi, imo katika jarida la nje, na mtoto anayechunga ng'ombe Isimani hajawahi kuisikia.

Ndiyo maana nasema sehemu ya fedha isiende kwenye vitabu kabisa. Tengenezeni majalada ya makala. Kila jalada liwe la sehemu moja: Usagara na Isimani, volkano za Rungwe, dhahabu ya Lupa kule Chunya, makaa ya mawe ya Kiwira na Mchuchuma, chuma cha Liganga, ziwa Rukwa. Makala nyingi siku hizi zinasomwa bure mtandaoni. Zile zinazouzwa, mwandikieni mwandishi barua pepe ya heshima, wengi hutuma nakala siku hiyohiyo wakisikia inatoka kwa mwalimu wa mahali alipofanyia utafiti. Na kwa kuwa mna uhusiano na chuo hapo mjini, ulizeni maktaba yao kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo. Mara nyingi taasisi imeshajisajili na walimu hawana habari.

Kwa upande wa Rungwe, kipo kitabu kimoja ninachotaka mkipate kwa njia yoyote, hata kama ni nakala: kumbukumbu ya pili ya Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, iliyoandikwa na D. A. Harkin na kuchapwa mwaka 1960, juu ya volkano za ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Aliyeandika alizunguka kwa miguu Rungwe, Kyejo, Ngozi na vilima vidogovidogo vya katikati, akaeleza lava moja baada ya nyingine. Hadi leo watafiti wanaanzia kwake. Mlipuko wa mwisho wa Kyejo, wa karibu mwaka 1800, umefika kwenye vitabu kwa njia ya simulizi za wazee. Mambo ambayo hakuwa na vifaa vya kuyapima, kama umri wa mlipuko mkubwa wa Rungwe wa karibu miaka 4,000 iliyopita, yamo kwenye makala za miaka ya karibuni, kwa hiyo viwekwe pamoja. Mwanafunzi asome Harkin asubuhi, makala mpya mchana, kisha apande basi la Tukuyu akaangalie tabaka la pumisi, jiwe jepesi la volkano, kwenye kingo za barabara.

Ramani. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika hapo juu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, ina ramani za jiolojia za robo ya digrii mraba. Nyingi za zamani ni za kipimo cha 1:125,000, kwa hiyo sentimita moja ni kilomita moja na robo, na kila karatasi inachukua eneo la takriban kilomita 55 kwa 55. Nunueni karatasi ya Iringa na zile zinazoizunguka, kisha za Mbeya. Zibandikeni kwenye ubao mgumu, zifunikeni kwa nailoni, zitundikwe ukutani na si kufungiwa kabatini. Mwanafunzi atafute kijiji chao kwanza. Akishaona kijiji chao kimekaa juu ya graniti au juu ya naisi, mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo, huhitaji kumsukuma tena asome.

Vitabu vya programu za kompyuta za kuchora ramani msinunue hata kimoja. QGIS ni ya bure, mwongozo wake uko mtandaoni bure, na kitabu cha programu huchakaa kabla rangi ya jalada haijapauka.

Kitabu cha udongo kimoja, ndiyo. Wengi wa watoto wetu watakuwa maofisa ugani na wakulima, hawatakuwa wachimbaji. Udongo wa majivu ya volkano wa Tukuyu unashika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mkulima anatia mbolea na mmea bado una njaa. Anayesoma hilo akiwa kijana atawafaa watu wengi.

Matetemeko pia, kitabu kimoja cha kueleweka. Tarehe 13 Desemba 1910 upande wa Rukwa lilipiga tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki, na nyumba tunazojenga leo hazikumbuki hilo.

Kisha lenzi za mkononi za mara kumi, chupa ndogo za asidi hafifu, nyundo mbili, dira. Kamati ikilalamika kwamba fedha ni za vitabu, waambie kitabu cha madini bila lenzi hakisomeki. Na kwa vile vitabu mtakavyoamua kuvinunua, nunueni nakala mbili za vichache badala ya nakala moja ya vingi: moja isitoke chumbani, nyingine iende fildi, ilowe, ichafuke.

Nitumie orodha yako mpya ukishaipunguza, hata kwa picha ya simu, niipitie kabla ya kikao. Ukienda Dodoma kuchukua ramani nijulishe mapema, kuna karatasi ya Chunya ninayoihitaji na nitakutumia fedha kwa simu. Na jalada la Isimani nitalianza mimi mwenyewe, makala ile ya 1995 ninayo. Nitaitolea nakala na kuikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi Ijumaa, uipokee stendi.

Wasalimie wote nyumbani, na mpe mzee pole zangu.

Ni mimi rafiki yako wa Uyole