Shukrani kwa mama wa mbegu, Mbuyuni

Mama uliyekuwa ukiuza mbegu pale Soko la Mbuyuni, Moshi, Jumamosi ile ya mvua: shikamoo, na asante sana. Nilikuuliza haradali, ile ya mfano wa Yesu, inafananaje, maana zamu ya kufundisha jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa yangu na sijawahi kuiona. Hukuwa nayo. Ukanimwagia mbegu za mchicha kiganjani, ukasema, “Shika hizi, mwanangu, kisha soma Marko 4, mstari wa 26 hadi 29.”

Kumbe kabla ya haradali kuna yule mkulima anayelala na kuamka, mbegu ikaota asijue imeotaje! Mfano huo uko kwa Marko peke yake. Nami nilikuwa nimejiandaa kuwagombeza watu kwa imani haba (aibu!). Hela ya mbegu ulikataa. Mchicha tumeshachuma mara mbili.