Abbey Lincoln apewe nafasi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno juu ya makala yenu kuhusu wanawake walioimba jazi Marekani. Abbey Lincoln mmemtaja katika mistari miwili tu: kwamba alikuwa mke wa mpiga dramu Max Roach, na kwamba alifuata nyayo za Billie Holiday. Hakuna uongo hapo. Lakini msomaji asiyemfahamu atadhani thamani ya mama huyu ilitokana na watu aliokaa nao karibu. Mimi nadai kinyume chake. Alikuwa mtunzi na mwigizaji aliyesimama kwa miguu yake, na msimamo huo ulimgharimu.

Alizaliwa Chicago tarehe 6 Agosti 1930, akaitwa Anna Marie Wooldridge, mtoto wa kumi kati ya watoto kumi na wawili, akakulia shambani katika jimbo la Michigan. Jina la jukwaani alipewa na meneja wake, Bob Russell, ambaye naye alikuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo. Mwanzoni wenye biashara ya burudani walitaka awe pambo. Katika filamu ya The Girl Can't Help It ya mwaka 1956 aliimba akiwa amevaa gauni lililowahi kuvaliwa na Marilyn Monroe. Baadaye alilitia moto. Kila anayeandika habari zake hukipenda kisa cha gauni, nami nakipenda pia, ila wengi wakishakisimulia huona wamemaliza kazi.

Kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mwaka 1960 yeye na Roach walirekodi albamu ya We Insist! Freedom Now Suite. Jalada lake lina wanaume weusi wamekaa kwenye kaunta ya mkahawa, kama walivyofanya wanafunzi weusi wa mji wa Greensboro, North Carolina, mwezi Februari mwaka huohuo kupinga ubaguzi wa mikahawa iliyokataa kuwahudumia. Jina la Roach ndilo lililotangulia, na maneno mengi yaliandikwa na Oscar Brown Jr. Haya. Sasa itoeni sauti ya Lincoln humo muone kitakachobaki. Kuna kipande cha sehemu tatu anachokiimba bila neno hata moja, dramu peke yake zikimfuata: kwanza ni sala, kisha maandamano, mwisho amani. Katika ile sehemu ya kati anapiga mayowe mpaka msikilizaji anatazama mlango kuona kama majirani wamesikia. Huo si uimbaji wa kumburudisha mtu anayekula chakula chake cha jioni, wala hakukusudia uwe hivyo.

Halafu akaja Lumumba. Habari za kuuawa kwake zilipotangazwa Februari 1961, Lincoln alikuwa miongoni mwa waliopanga maandamano yaliyovuruga kikao cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mjini New York tarehe 15, pamoja na waandishi Maya Angelou na Rosa Guy. Wasomaji wa Kiswahili hatuna udhuru wa kutolijua hili. Mwanamke wa jazi aliacha shughuli zake akaenda kumlilia Mkongo mbele ya wakubwa wa dunia, na siku saba baadaye, tarehe 22, akaingia studio kurekodi albamu ya Straight Ahead akiwa na wapuliza ala mashuhuri Coleman Hawkins, Eric Dolphy na Booker Little. Humo aliutilia maneno yake mwenyewe muziki wa mpiga piano Thelonious Monk, Blue Monk, na Monk akaridhia.

Malipo yake? Mhakiki Ira Gitler wa jarida la Down Beat alimshutumu kwamba ameugeuza weusi wake kuwa kazi ya kujipatia jina. Jarida likaitisha mjadala, wakakaa meza moja, mazungumzo yakachapishwa mwaka 1962. Baada ya hapo zilipita zaidi ya miaka kumi bila albamu mpya yenye jina lake, na iliyofuata aliirekodia Japani mwaka 1973. Siwezi kuliita jambo hilo bahati mbaya.

Katika ukame huo ndipo filamu zilipomwokoa, angalau kwa muda. Katika Nothing But a Man ya mwaka 1964 anaigiza Josie, mwalimu na binti wa mchungaji huko Alabama, anayeolewa na fundi wa reli asiyekubali kudharauliwa na Wazungu. Haimbi hata kidogo. Anafanya kazi yote kwa utulivu wa uso, na Ivan Dixon anayeigiza mumewe anaonekana bora zaidi kwa sababu yake. Miaka minne baadaye alicheza na Sidney Poitier katika For Love of Ivy, akapendekezwa kuwania tuzo ya Golden Globe. Wapo wanaolalamika kwamba Ivy ni mtumishi wa nyumbani tu. Wamesahau kwamba filamu nzima inasukumwa na uamuzi wa Ivy kuacha kazi hiyo akatafute maisha yake. Nafasi kubwa kama hizo hakupata tena.

Ndoa na Roach ilivunjika mwaka 1970. Alisafiri Afrika na Miriam Makeba. Huko Guinea Rais Sékou Touré akampa jina la Aminata, na Zaire akapewa la Moseka. Alipokaribia kufikisha miaka 60 ndipo mtayarishaji Mfaransa, Jean-Philippe Allard, alipomrudisha studio, na mwaka 1990 ikatoka The World Is Falling Down. Kuanzia hapo alitoa albamu mfululizo, na nyingi ya nyimbo bora alizorekodi kipindi hicho, kama Bird Alone na Throw It Away, alizitunga mwenyewe. Leo zinaimbwa na waimbaji wengine, jambo ambalo waimbaji wachache wa jazi wanaweza kujivunia, kwa kuwa wengi wao waliimba vya wenzao. Alifariki New York tarehe 14 Agosti 2010.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiandaa makala kuhusu watunzi wa jazi, naomba jina lake liwemo, na habari za mume zije baadaye.

Msomaji wenu wa siku nyingi