Mwanangu, huo mkataba usiusaini

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, mdogo wako naye mzima, mafua tu ya hii mvua ndiyo yanatusumbua. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Naanza neno unalimalizia wewe, halafu unaniambia "mama, niko zamu". Haya, karatasi haina zamu.

Shangazi yako kanipigia. Anasema benki imekukubalia mkopo wa milioni 30, wa kukatwa kwenye mshahara miaka saba, na umebakiza kwenda kusaini. Shangazi anajua, mdogo wako anajua, mpaka mama mdogo wa Morogoro anajua. Mimi ninayelala kwenye hiyo nyumba baba yako aliyoiweka rehani benki ndiye wa mwisho kuambiwa. Najua ulichokuwa unafikiria, ulitaka nistukie tu deni limepungua. Mwanangu, usisaini. Hata kama wameshakuita, hata kama huyo afisa mikopo mmesoma naye, usisaini.

Tupige hesabu kidogo. Deni la nyumba, kwa barua ya mwisho ya benki iliyomkopesha baba yako, ni milioni 58, riba na adhabu zikiwa humo humo. Milioni 30 zako zitaziba marejesho yaliyolala, halafu mkopo utaendelea kama ulivyokuwa, kwa jina la baba yako. Hati nayo ina jina la baba yako. Kwa hiyo utalipa deni lisilo na jina lako, la nyumba isiyo na jina lako, kwa mshahara ambao Bodi ya Mikopo ya wanafunzi tayari inaukata asilimia 15 kila mwezi. Utabaki na ile theluthi wanayosema mtumishi lazima abaki nayo, hiyo hiyo ulipie chumba, ule, uvae, na umtumie mdogo wako nauli, maana najua unamtumia. Na baba yako sasa ana nyumba nyingine na mtoto yuko njiani. Sisemi kwa ubaya. Nasema nyumba ikikombolewa ikabaki kwa jina lake, siku ya siku hayo ni mambo ya mirathi, na pale hakuna mtu atakayekuja na salari slipu yako mkononi.

Ile notisi ya benki mdogo wako alikutumia picha ya ukurasa wa kwanza tu. Wa pili ndio wenye maneno. Siku 60 tangu tulipoipokea deni lote liwe limelipwa, la sivyo wanauza. Sheria ya Ardhi ndivyo inavyosema. Zikiisha anakabidhiwa dalali, na dalali naye hawezi kuamka tu asubuhi akaja na kipaza sauti chake akauza, lazima atangaze siku 14 kwanza. Haya yote nimeyajua juzi, kule TAWLA, chama cha wanawake wanasheria, nilikokwenda kuomba msaada wa sheria. Wakili aliyenipokea ni binti wa rika lako, ana upole wa nesi anayemweleza mgonjwa namna ya kunywa dawa.

Nikamuuliza lile swali lako la kila siku, kwamba si nyumba ya ndoa haiwekwi rehani mpaka mke akubali? Akasema ni kweli. Iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, iko na kwenye Sheria ya Ardhi, na wapo wanawake waliookoa nyumba zao kwa hoja hiyo hiyo. Kisha akafungua nakala za faili la mkopo. Fomu ya ridhaa ya mwenza ipo. Picha yangu ya pasipoti imebandikwa pembeni, nimevaa ule mtandio wa bluu wa harusi ya binamu yako, nacheka. Chini yake kuna dole gumba na saini. Akaniuliza, "Mama, hii saini ni yako?" Tukaendelea na mambo mengine.

Kwa hiyo zile klipu za wanasheria wa kwenye simu usinitumie tena. Zinamaliza bando bure.

Mahakama nayo ilishafanya yake kwenye kutugawia mali mimi na baba yako. Pale Temeke, kwenye kile kituo cha mashauri ya familia, hakimu alisema wazi kwamba kupika, kulea watoto na kusimamia mafundi ni mchango kwenye mali ya ndoa. Wakili akanieleza baadaye kwamba Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed. Nikapewa asilimia 40 ya nyumba. Siku ile nilitembea kwa miguu mpaka kituoni bila kujijua, nimefurahi. Kumbe ukigawiwa nyumba iliyo rehani umegawiwa pamoja na deni lake. Benki inachukua kwanza, asilimia zetu zinaanza kuhesabiwa kwenye kitakachobaki.

Na ndiyo maana nataka kibaki kitu. Tunauza wenyewe kabla ya dalali. Usishtuke, tumeshazungumza na benki na wameandika barua kwamba hawana pingamizi, ilimradi mnunuzi alipe deni moja kwa moja kwao ndipo waachie hati. Mthamini alikuja, akapima, akapiga picha mpaka choo cha nje, akasema milioni 140. Yupo mfanyabiashara wa Kariakoo amefika 130 na pesa anayo mkononi. Mnadani wanakuja wale wale wanaojuana. Ni kweli sheria inaitaka benki itafute bei nzuri, na nyumba ikiuzwa robo nzima chini ya bei ya soko, yaani yetu iende kwa milioni 105 au chini ya hapo, benki ina la kujibu. Lakini hilo la kujibu unalifuata mahakamani wewe, vyombo vyako vikiwa tayari viko nje na makochi yananyeshewa.

Kwenye 130 ukitoa 58 zinabaki 72. Asilimia 40 ya hizo ni milioni 28 na laki nane, bado kodi ya TRA na gharama za mkataba. Haininunulii nyumba Dar, najua, usinikumbushe. Lakini haina deni. Watu wa mtaa nao walishaanza kuulizia asilimia kumi yao ya mauzo, nikawaambia wanionyeshe imeandikwa kwenye sheria gani. Siku hizi wanapita njia ya kule juu.

Baba yako kakubali kuuza. Alikuja mwenyewe Ijumaa baada ya swala, akakaa pale kwenye ngazi ya barazani, ndani hakuingia. Amekonda. Fuso moja iko gereji imekufa injini, ya pili ilishachukuliwa na waliomkopesha. Aliniuliza habari zako, nikamwambia umzima. Akanyamaza, kisha akauliza kama ule mfereji wa nyuma bado unaziba.

Sasa yale uliyomwandikia kwenye kundi la familia sikuyapenda hata kidogo. Tapeli! Mbele ya wajomba zako na wakwe wa dada zake! Hasira ulikuwa na haki nayo, lile neno hukuwa na haki nalo. Mimi niliyekaa naye ndiye ningelisema, na sikulisema. Mpigie. Kama radhi bado haijakaa mdomoni, muulize tu hali, ukate simu. Huyo ndiye aliyeuza mashine yake ya kufyatulia matofali ukaenda chuo, na usiniambie hiyo ni hadithi nyingine.

Halafu na wewe Idd hukuja. Najua zamu. Lakini hata mwenzako wa Lindi alipata ruhusa.

Sikatai kwamba najivunia. Jirani yetu wa geti jekundu kila nikipita ananiambia "bora wewe una binti", na mimi namjibu "tumshukuru Mungu" halafu natembea pole pole ili aendelee. Kwa hiyo si kwamba nakuona mtoto. Nakuona mtu mzima mwenye kazi ambaye benki imemwona kabla hata hajaanza maisha yake. Usisaini, mama.

Na usije ukasema mama kakataa benki, ukakimbilia kwingine. Kichwa chako nakijua, umekirithi kwangu. Mikopo ya kwenye simu hapana, na ile ya mtaani ya kausha damu ndiyo usiitaje kabisa. Dada wa saluni, yule wa fremu yetu ya kwanza, alichukua laki tano. Rejesho kila siku jioni. Alipokosa siku tatu mfululizo wakaja vijana wawili na bodaboda wakambebea drai, mteja yuko chini yake na rola kichwani. Tulicheka na tulilia.

Kinachoninyima usingizi kwa kweli ni wapangaji kuliko nyumba. Yule mwalimu wa chumba cha nyuma alinilipa kodi ya miezi sita kabla notisi haijafika, na pesa yake nilishaitia kwenye ule ukuta uliokuwa unaliwa na maji. Sementi, nondo, fundi, kila kitu. Kwa hiyo nimemjengea ukuta mtu wa Kariakoo. Nimemuomba ampokee mwalimu na mkataba wake mpaka muda wake uishe, nami nikatwe kwenye fungu langu. Amekubali kwa mdomo. Wakili anasema kwa mdomo haitoshi, iingie kwenye mkataba wa mauziano, na nimesema iingie.

Mimi nimepata vyumba viwili na sebule Mtoni Mtongani, choo ndani, laki mbili kwa mwezi. Nimechagua huko kwa ajili ya mdogo wako. Yuko Kidato cha Nne, mtihani Novemba, sitaki ahame shule wala apande daladala tatu. Yeye hajasema kitu tangu mthamini alivyokuja, anakula tu na kuingia chumbani. Wewe unamweza, zungumza naye, ila usimwambie mambo ya mikopo yako akadhani ndivyo watoto wanavyotakiwa kufanya. Shida ya kule ni Luku, tunachangia na wapangaji wengine wawili, na mmoja ana friji la vinywaji anasema halili umeme. Tutaonana. Angalau ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye Luku kila mwezi atailipa mwenye nyumba.

Kuku nimeuza, nimebakiza wawili na jogoo. Kabati la vyombo haliingii kwenye ule mlango, fundi kasema likatwe miguu, nimekataa, atalichukua shangazi yako mpaka utakapokuwa na kwako. Tangi la maji mnunuzi alidhani ni sehemu ya nyumba. Nimemwambia tangi ni la kwangu, nilinunua kwa pesa ya kikoba na risiti ninayo.

Na huyo kijana aliyekuja kujitambulisha kwa shangazi, mimi sina neno naye, ana adabu. Ila mkinunua kiwanja, hati iandikwe majina mawili. Akisema haina haja kwa sababu mnapendana, muulize ina ubaya gani basi, umwache aeleze mpaka amalize. Na karatasi yoyote akikuletea jioni ukiwa umechoka, mwambie utaisoma asubuhi. Hata kama amekuja na mwanasheria na picha zako za pasipoti anazo tayari.

Milioni 30 zako, kama una hamu sana ya kukatwa mshahara, jiunge na saccos ya hapo kazini uweke akiba kidogo kidogo. Ukipata kiwanja chako huko Mtwara nitakuja kusimamia mafundi, hiyo kazi naijua. Ila benki uwaambie umeghairi. Hawatakufunga, hujachukua pesa yao. Usiwapigie simu, nenda mwenyewe uwaandikie.

Mzigo wako utapanda basi la Mtwara keshokutwa pale Mbagala Rangi Tatu, mdogo wako ataupakia. Kuna mchele kilo kumi, dagaa wa kigoma, na ile albamu yenye picha za bibi yako, sitaki ipotee kwenye kuhama. Dagaa wachambue upya, aliyeniuzia nilimwamini. Korosho usinitumie, bado ninazo za safari ile. Kuna jambo moja nalihitaji haraka: nipe vipimo vya dirisha la chumba chako, urefu na upana. Mapazia ya sebuleni simwachii mtu, na madirisha ya Mtongani ni madogo. Fundi cherehani ananisubiri mpaka Jumamosi.

Ni mimi mama yako,
Kijichi