Mtoto wa jirani mwenye baiskeli

Leiden, Uholanzi
17 Novemba

Mama,

Shikamoo. Mfikishie Bibi shikamoo yake, na Mjomba pia kama amesharudi mnadani. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, na saa kumi na moja jioni giza limeshashika.

Somoe kaniambia watu wanauliza nimekuja kusomea nini, nawe unawajibu udaktari. Si uongo mtupu, maana ni udaktari wa falsafa, lakini siku nikirudi msije mkaniletea mgonjwa usiku.

Nasoma sintaksia, yaani jinsi maneno yanavyoshikana mpaka yakawa sentensi. Najua Mjomba atasema, "Hilo nalo ni la kupandia ndege?" Mkumbushe kisa cha gunia.

Msimu ule ulimwambia Somoe: "Kamwite mtoto wa jirani mwenye baiskeli atupelekee gunia ghalani." Somoe akamleta kijana wa yule jirani mwenye baiskeli. Kijana akaja kwa miguu, kwa sababu baiskeli baba yake alikwenda nayo Kitangari. Nyumba ya pili kulikuwa na mtoto mwenye baiskeli yake mwenyewe, kakaa barazani anatutazama. Ukafoka, Somoe akalia, na foleni ya mizani ikatupita.

Somoe hakuwa na kosa. Maneno yalikuwa yaleyale, ila yana mafundo ya namna mbili. Ukifunga "jirani" na "mwenye baiskeli" kwanza, ndipo umlete "mtoto", baiskeli ni ya jirani. Ukifunga "mtoto wa jirani" kwanza, "mwenye baiskeli" ikaja mwisho, baiskeli ni ya mtoto. Sikioni sentensi ni kamba iliyonyooka, kumbe kichwani imepigwa mafundo ndani ya mafundo. Mara nyingi ngeli hutuokoa: "gunia la korosho lililolowa" ni gunia, "gunia la korosho zilizolowa" ni korosho. Lakini mtoto na jirani wako ngeli moja, hapo hakuna wa kutuokoa. (Huku "mwenye baiskeli" isingekusaidia kitu. Hata wazee wa umri wa Bibi wanapita wanakanyaga pedali kwenye mvua.)

Basi ninachofuata mimi ni mkabala wa minimalisti, wa Noam Chomsky, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1928. Kuanzia mwaka 1957 yeye na wenzake waliandika kanuni nyingi: ya kuunda swali, ya kutendwa, na nyingine kadha wa kadha. Baadaye wakazipunguza. Miaka ya 1990, na hasa katika kitabu chake cha mwaka 1995, akauliza kama wewe unapofagia stoo kabla ya mavuno: kipi humu tukikitoa, nyumba bado inasimama? Kilichobaki ni kitendo kimoja, Kuunganisha. Unachukua viwili unafanya kimoja, na hicho kimoja unakiunganisha na kingine, hata ufike mwisho wa sentensi. Sisi tunasema "Umenunua nini?", neno la kuulizia limekaa palepale pa kitu kilichonunuliwa. Waingereza hulivuta la kwao mpaka mbele. Zamani huko kuvuta kulikuwa na kanuni yake. Siku hizi wanasema ni Kuunganisha kulekule, ila kinachounganishwa kimechomolewa ndani ya kile ulichokwisha kujenga.

Inapendeza, sikatai. Lakini ziko siku naona wamepunguza kanuni mlango wa mbele, istilahi zikaingia kwa mlango wa nyuma.

Kinachoninyima usingizi ni lugha yetu. Sema: "Magunia yale yote mawili makubwa yalikuwa yamejaa." Hesabu na vidole: yale, yote, mawili, makubwa, yalikuwa, yamejaa. Gunia limeacha alama yake mara sita! Chomsky alipoelezea upatanisho wa namna hii, alisema nomino ikishapatana na kitenzi na kupewa nafasi yake, inazimika, haishughuliki tena. Sasa hiyo "ya" ya "yalikuwa" na ya "yamejaa" zimetoka wapi zote mbili? Vicki Carstens, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1991 juu ya virai vya Kiswahili, anajibu kwamba ngeli ni ya nomino yenyewe tangu kuzaliwa, haikuazimwa popote, kwa hiyo haiishi kwa kutumiwa. Siku nilipomsoma nilicheka peke yangu maktaba. Kiswahili cha kupangia magunia kinawahangaisha watu na digrii zao.

Mwambie Bibi na Kimakonde kimo. Mwaka 2005 Peter Kraal alimaliza hapahapa Leiden tasnifu ya sarufi ya Kimakonde, kurasa kwa kurasa. Unajua Bibi anavyoivuta ile silabi ya pili kutoka mwisho, tulivyokuwa tukimwiga? Kumbe ule mvuto una kazi. Kitenzi kikifungwa pamoja na neno linalokifuata, kinachovutwa ni lile neno la mwisho tu. Visipofungwa, kila kimoja kinapata mvuto wake. Yale mafundo yasiyoonekana, Bibi anayafanya yasikike.

Ndiyo maana nina ombi. Somoe amrekodi Bibi kwa simu, jioni kukiwa kimya, kabla jirani hajawasha redio. Amwulize tu alilima nini, alipika nini, alimwona nani. Asimsahihishe, na Bibi akiamua kutukana, aache simu iendelee.

Hela ya vibarua nimetuma kwa namba ya Mjomba. Korosho zianikwe vizuri, zisije zikashushwa daraja kama mwaka jana. Na ming'oko mniwekee, huku hakuna.

Halafu Mama, lile swali. Somoe anasema mpaka leo ukiulizwa unageuza maneno. Siku ile ulimaanisha baiskeli ya nani?

Mwanao