Ukiandikiwa na Amazon kuwa umekiuka alama ya biashara

Habari zenu wanakikundi. Ukiuza Amazon na ukapata lalamiko la aina hii, usikimbilie kukata rufaa. Fungua kwanza ukurasa wa afya ya akaunti (Account Health), unakili namba ya lalamiko, ASIN (namba ya Amazon ya kutambulisha bidhaa) na barua pepe ya mlalamikaji. Kisha soma analalamikia nini: bidhaa yenyewe kuwa bandia, au maneno ya tangazo lako?

Kwa wauza kava za simu, mara nyingi tatizo ni maneno. "Samsung kava A15" inasomeka kana kwamba Samsung ndiye aliyeitengeneza. Andika "Kava inayotoshea Samsung Galaxy A15", na sehemu ya chapa usijaze Samsung. Nembo yao isionekane popote kwenye picha.

Kama mzigo ni halisi, tafuta ankara ya msambazaji ya ndani ya siku 365 zilizopita. Jina na anwani yako zifanane na za akaunti, na idadi itoshe ulichouza. Vipande 20 kwenye ankara havitetei mauzo ya 60. Proforma (ankara za awali kabla ya mauzo) na risiti za dukani mara nyingi hukataliwa. Tafadhali, usiguse hata herufi moja ya ankara, akaunti inaweza kufungwa.

Mwandikie mlalamikaji kwa adabu. Akikubali, yeye mwenyewe ndiye aiandikie Amazon kuondoa lalamiko, akitaja namba ya lalamiko na ASIN. Wewe kuifowadia Amazon barua ya mlalamikaji hakutoshi.

Kufuta tangazo hakufuti lalamiko. Wala msifungue akaunti ya pili kukwepa lalamiko, Amazon inaweza kuziunganisha na kuzifunga zote.