Kaya hazipungui, zinagawiwa na kodi

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Gazeti lenu nalisoma tangu niko skuli na sijapata kuwaandikia hata siku moja, lakini ile habari yenu ya juzi kuhusu nyumba za kupanga imenikaa rohoni. Mwandishi wenu kasema kaya za mjini zinazidi kuwa ndogo, wastani watu watano, ndiyo maana wenye nyumba wanajenga chumba na ukumbi kwa kuwa ndicho wapangaji wanachokitaka. Mimi ni mpangaji wa miaka kumi na tisa na sikukitaka.

Nyumbani kwangu tulikuwa wanane: mimi na mume wangu, watoto wanne, mama mkwe wangu ambaye macho yameshamdhoofu, na mtoto wa shemegi yangu aliyeletwa kutoka Micheweni, Pemba, kuja kusoma hapa Unguja. Kwetu hiyo si familia kubwa. Mwaka jana mwenye nyumba tuliyokuwa tukikaa Mwanakwerekwe alimuozesha mwanawe, akaitaka nyumba yake. Ni haki yake, sikumlaumu. Tukaanza kutafuta.

Nyumba ya sita tuliyoonyeshwa ilikuwa Tomondo, vyumba vitatu, kisima uani, laki tatu na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele. Dalali alitwambia tuseme tuko watano. Mume wangu hakusema uongo, alinyamaza. Kabla ya kupokea pesa, mwenye nyumba akataka kwanza aje kutuona tunavyoishi. Alikuja baada ya magharibi, tukamkaribisha, hakuingia. Alisimama mlangoni akaanza kuhesabu viatu. Namuona mpaka leo akizisogeza ndara kwa ncha ya mguu, zangu, za mume wangu, za watoto, kisha viatu vya skuli nilivyovifua mchana na kuviegemeza ukutani vikauke. Akapata jozi kumi na moja. Nikamwambia watoto wana vya skuli na vya nyumbani, hakunisikiliza. Akanyanyua makubadhi kwa vidole viwili akauliza, "Na haya ya nani?" Mama mkwe alikuwa kakaa barazani na tasbihi yake, akamjibu, "Yangu, mwanangu." Yule bwana akasema shimo la choo litajaa kabla ya mwezi kwisha, na nyumba yake bado mpya, akaondoka. Usiku ule mama mkwe aliniita chumbani kwake akaniuliza kama yeye ndiye aliyetukosesha nyumba. Mhariri, mimi nimekulia Michenzani, kwenye majumba yale yaliyojengwa wakati wa Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, tukijaa fleti nzima na bibi ndani, na hapajatokea mtu kuhesabu viatu vyetu.

Sasa tuko Fuoni, chumba na ukumbi. Mwanangu mkubwa na yule kijana wa Micheweni wamepangishiwa chumba kimoja nyumba ya tatu kutoka hapa. Jioni wanakuja kula, wakimaliza wanaondoka na kurunzi. Mama mkwe yuko Bububu kwa wifi yangu. Ndani tumebaki watano, wastani ule ule mlioandika! Karani wa sensa akipita huenda akaandika kaya ndogo mbili. Lakini kaya haikupungua kwa kupenda. Imekatwa ilingane na nyumba zilizopo, halafu mnatwambia nyumba ndogo zinajengwa kwa sababu kaya ni ndogo.

Mwenye nyumba ana hesabu yake, naijua. Nyumba ya vyumba vitatu akiitia viambaza anapata milango mitatu ya kupangisha, kila mlango laki na nusu, na kijana anayefanya kazi hotelini analala na kuondoka, hachoti maji mengi. Sawa. Lakini Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 sensa ya 2012, ukafika 893,169 ile ya 2022. Karibu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi. Hao wote ni vijana wanaolala peke yao? Wengine ni watoto wachanga, na kila mtoto anazaliwa katika nyumba ya mtu.

Na hawa madalali! Tulitoa elfu kumi kila tulipoonyeshwa nyumba, moja tukaonyeshwa na madalali wawili tofauti na kumbe ilishapangishwa tangu wiki iliyopita. Ukiipata nyumba, kodi ya mwezi mzima ni yake. Anafungua mlango kwa ufunguo wa kuazima, na anakwambia ukane watoto wako.

Ninachotaka ni hiki. Anayejenga milango minne au zaidi ya kupangisha katika kiwanja kimoja, alazimishwe mmoja uwe wa vyumba vitatu, wenye tangi lake la maji na mita yake ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, ili asiseme tunamla mwenzetu umeme. Shimo la choo lichimbwe kwa kiasi cha vyumba, na mpangaji achangie kulitapisha. Mkataba uandikwe mbele ya sheha na idadi yetu ya kweli ndani yake, wanane tukiwa wanane. Mwandishi wenu naye akirudi kuandika habari hii, apite Fuoni baada ya isha awaone wanangu wakiagana mlangoni.

Mama wa watoto wanne,
Fuoni, Unguja